Kiganja Kooni mwa Nainsín

Ulitazama kando. Wote waliopita mbele ya mlango ule wazi kule kijijini Doire Locha walitazama kando, wakamwona bibi kizee pembeni mwa moto anasema na hakuna anayemjibu, wakashika njia yao. Usijitetee kwamba hukuwapo. Nyumba ya namna ile umewahi kuingia. Ulinywa chai yao, ukasifu mkate, ukawaaga wote isipokuwa yeye.

Ilikuwa miaka ya sabini. Redio ya Kiayalandi ilikuwa imeanza tu kusikika Konamara, magharibi mwa Ayalandi, na wakubwa wa mjini walikuwa wakipongezana kwamba lugha imeokolewa. Katika miaka hiyohiyo ya pongezi, daktari mmoja alimkalisha Saile Ní Fhatharta kwenye kiti cha chuma na kumwambia aiondoe lugha hiyo ndani ya nyumba yake.

Saile alikuwa na mtoto mmoja tu, Muirne, msichana wa miaka minne, kiziwi tangu alipozaliwa. Daktari alimwangalia mtoto masikioni kwa muda mfupi, kisha akamgeukia mama.

"Shule ya viziwi ni ya Kiingereza," alisema. "Mtoto huyu atasoma midomo. Akiona midomo inacheza namna mbili atachanganyikiwa, na hatasema chochote maisha yake yote. Unataka hivyo?"

"Hapana, daktari."

"Basi ni Kiingereza tu. Nyumba nzima. Nani mwingine yuko nyumbani?"

"Mume wangu. Na mama yangu."

"Mama yako anajua Kiingereza?"

"Hata neno moja."

Daktari akatazama dirishani. "Basi mtalifikiria hilo. Mwezi wa nane mtarudi, na mimi ndiye nitakayeamua kama nyumba yenu imefuata masharti. Nafasi shuleni ni chache."

Beairtle, mume wake, alikuwepo, ameshika kofia. Alikuwa mkata mwani, mtu wa mabega mapana, na muda wote ule aliangalia viatu vyake.

Walirudi nyumbani, na siku hiyohiyo sharti likaanza. Saile hakuwa mkatili. Alikuwa mama aliyeambiwa na mtu mwenye koti jeupe kwamba mdomo wake unamdhuru mtoto wake. Ungeambiwa wewe ungefanya nini? Alimpeleka mama yake, Nainsín, kwenye banda la ng'ombe, mahali ambapo mtoto hangeona midomo, akamweleza: ndani ya nyumba hakuna Kiayalandi tena. Ukisema, hatutakujibu. Si kwa ubaya, mama. Ni kwa ajili ya Muirne.

Nainsín alimsikiliza huku akikamua. Alipomaliza alisema, "Kwa hiyo nikitaka chumvi nije nimwombe ng'ombe?"

Tangu hapo habari zote za dunia alipewa bandani: nani amekufa, nani amejifungua, padri amesema nini, kijana wa jirani ameandika nini kutoka Boston. Majirani walifanya mzaha kwamba hakuna ng'ombe parokiani anayejua mambo kama ng'ombe wa Nainsín. Walicheka sana. Hakuna aliyeingia kumwambia Saile kwamba jambo lile si sawa.

Ndani, mezani, palikuwa kimya. Kiingereza cha Beairtle chote alikiokota kwenye majengo ya London, nacho kilikuwa matusi na "angalia kichwa chako." Kwa hiyo alikula viazi vyake bila kusema. Saile alikuwa na Kiingereza cha dukani. Alimwonyesha Muirne kikombe, akakitaja kwa sauti kubwa, mdomo wazi kama mtu aliye kwa daktari wa meno, na mtoto alimtazama kwa huruma kisha akaangalia moto. Nainsín mwanzoni alisahau. Alisema, "Mvua inakuja," akangoja. Alisema, "Saile, mwanangu, mvua hiyo, nguo ziko nje." Saile aliinua macho, akayashusha, akatoka kuanua nguo bila kujibu, na nje kwenye mvua alisimama na shuka lililolowa kifuani, akijiambia kwamba ni mpaka mwezi wa nane tu. Baada ya muda Nainsín aliacha kusahau. Hapo ndipo mambo yalipokuwa mabaya zaidi, kwa sababu Saile alijikuta anashukuru.

*

Mwisho wa mwezi wa saba alikuja mgeni. Jina lake Proinsias, kijana wa miwani, mtumishi wa kamusi kubwa iliyokuwa ikitungwa mjini. Alikuwa akizunguka Konamara na mashine ya kurekodia, akikusanya maneno kutoka kwa wazee, na kila alikopita aliambiwa: nenda kwa Nainsín, yule ana maneno mengi kuliko Biblia.

Saile alitaka kumrudisha. Lakini mvua ilikuwa inamwagika, na kule kwao mtu aliyelowa harudishwi mlangoni. Alimpeleka Muirne chumba cha nyuma na mdoli wake, akafunga mlango.

"Nusu saa," alimwambia mgeni. "Usizidishe."

Proinsias aliweka mashine mezani, akavuta kiti mbele ya bibi, akamsalimu kwa Kiayalandi, salamu ndefu ya kizamani yenye Mungu na Mariamu ndani yake. Nainsín hakuitikia mara moja. Alimtazama Saile kwanza. Saile alikuwa amesimama anakanda unga, amewapa mgongo. Bibi akavuta shali yake vizuri, akalamba midomo, akaitikia salamu yote mpaka mwisho. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi kadhaa mtu kumsemesha ndani ya nyumba aliyoolewa ndani yake.

"Tuko kwenye herufi B, bibi," alisema Proinsias. "Leo nataka neno moja tu. *Bodhar*."

Mikono ya Saile ikasimama ndani ya unga. Kijana hakujua. Hakuna aliyemwambia habari za mtoto.

"Umeloa hivyo kwa ajili ya neno hilo?" alisema Nainsín. "*Bodhar* ni asiyesikia. Hata ng'ombe wangu anajua."

"Na maana nyingine?"

"Ziko. Maji yaliyolala kwenye shimo la mboji, yasiyokwenda mbele wala nyuma, ni *bodhar*. Mguu ukiukalia mpaka ukafa ganzi, ni *bodhar*. Ukigonga gogo lililooza ndani, ile sauti nzito isiyofika popote, ni *bodhar*. Na wewe kijana ukiendelea kuniuliza, mpaka saa ya chai utakuwa umenifanya *bodhar* mimi mwenyewe."

Proinsias akacheka, naye Nainsín akacheka, na kicheko chake kilikuwa na kutu. Saile alikuwa amekisahau kicheko kile.

Wakaendelea. Kijana alitaka kusikia neno linavyogeuka. Akisemwa mwanamke, alieleza Nainsín, neno linalainika kichwani, *bean bhodhar*, kama vile linavua kofia. Wakiwa wengi ni *bodhra*. Na yule aliyewazidi wenzake kwa kutosikia ni *bodhaire*. Aliyasema polepole, kila moja mara mbili, akionja, kama mtu aliyeachiwa kula baada ya kwaresima.

"Ni neno kongwe, bibi," alisema Proinsias. "Limo katika vitabu vya watawa wa kale. Watu wa Wales wana ndugu yake mpaka leo. Na wataalamu wanasema hata India, katika lugha yao ya zamani ya dini, kuna neno linalofanana nalo, maana ileile. Shina moja, maelfu ya miaka."

"India!" Nainsín alipiga goti. "Kwa hiyo na huko nako watu wanajifanya hawasikii?"

"Hilo ndilo nililotaka kuuliza. Mtu anayesikia lakini hajibu, naye unaweza kumwita *bodhar*?"

Moto ulipasuka kidogo. Bibi aliutazama mgongo wa binti yake kwa muda.

"Hapana," alisema. "Huyo ana neno lake. Na silisemi mbele ya mwanangu."

Saile alishika ukingo wa meza. Hakugeuka.

Ndipo mlango wa chumba cha nyuma ukafunguka. Muirne alitoka, hakumtazama mama yake, hakuitazama mashine. Alikwenda moja kwa moja kwa bibi yake, akapanda mapajani kama anayepanda mahali anapopanda kila siku, akaweka kiganja chake kooni mwa Nainsín, chini ya kidevu, na kukaza macho kwenye midomo yake.

Nainsín alikauka. Siri ilikuwa imekaa mapajani mwake mbele ya watu.

"Endelea, bibi," alisema Proinsias, asiyejua lolote. "Neno lenyewe, mara moja tu, safi, kwa ajili ya mashine."

Bibi alimtazama mtoto. Akalisema.

Muirne alisogeza midomo. Sauti iliyotoka ilikuwa nene, ya puani, isiyo na kingo, lakini neno lilikuwamo zima ndani yake. "*Bodhar*," alisema mtoto. Halafu, kwa kuwa bibi alikuwa ameanza kulia, alimpapasa shavu kwa mkono wa pili na kusema neno jingine, lile ambalo watoto wa kule humwitia bibi. "*Mamó*."

Kwa pumzi moja Saile alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Ayalandi. Mtoto wake alikuwa amesema. Aligeuka na mikono yenye unga, mdomo wazi. Pumzi iliyofuata ilimleta daktari: koti jeupe, dirisha, *nafasi ni chache*. Alivuka chumba, akaung'oa mkono wa Muirne kooni mwa mama yake, akamwinua mtoto.

"Futa," alimwambia Proinsias.

"Mama, hii sauti—"

"Futa nimesema! Daktari akiisikia nimempotezea mtoto shule. Huyu haruhusiwi Kiayalandi. Futa!"

Kijana aliangalia alama nyeupe ya unga kwenye mkono wa mtoto. Alimwangalia bibi. Alikuwa na elimu, alikuwa na kinywa, alikuwa na ofisi mjini ambamo angeweza kugonga meza na kuuliza ni sayansi gani hii. Akatazama dirishani, kama daktari. Kisha akarudisha ukanda nyuma na kubonyeza kitufe, na mashine ikazunguka ikimeza. Neno *bodhar* alilipata kwingine baadaye. Alikunywa chai yake, akasema mkate ni mtamu, akaenda zake kwenye herufi C.

*

Bandani, Saile alisimama nyuma ya mama yake.

"Tangu lini?"

"Tangu mlipoacha kunijibu." Nainsín hakuacha kukamua. "Ilibidi niseme na mtu. Alinifuata kwenye kuku siku moja, akanishika koo, akangoja. Nikamwambia kuku. Akasema kuku."

"Ana maneno mangapi?"

"Mimi si mwalimu, sihesabu. Anajua kuomba maziwa. Anajua kumtukana jogoo."

"Mama, daktari alisema—"

"Najua alichosema. Uliniambia hapahapa, ng'ombe shahidi."

Saile akasema alichokuja kusema: kaka yake, Cóilín, angekuja na gari Jumapili baada ya misa. Mama angekaa kwake upande wa pili wa ghuba, mpaka Muirne aende shule.

"Na akirudi likizo, atasema na nani?"

"Na mimi."

"Kwa Kiingereza chako cha kununulia sukari?"

Saile hakujibu. Hata bandani, pale palipokuwa na ruhusa, hakujibu. Nainsín aliinuka na ndoo, akampita, akasema kwa upole uliokuwa mbaya kuliko kofi, "Usilie mbele ya ng'ombe, mwanangu. Maziwa yatakauka."

Beairtle alipopewa habari aliweka kofia mezani. "Unamtoa mama yako," alisema, "kwa sababu ya mtu aliyemwona mtoto robo saa."

"Na wewe ulimwambia nini mtu huyo? Uliangalia viatu."

"Niliangalia viatu," alikubali Beairtle.

Jumapili Saile alikaa nyuma kabisa kanisani. Wakati wa komunyo watu walipopanga mstari, alibaki amepiga magoti, uso kwenye mikono, na jirani aliyetaka kupita alilazimika kumruka. Hakuweza kufungua mdomo mbele ya altare. Kila alipoufikiria mdomo wake aliona kiganja kidogo kinang'olewa.

Nje ya kanisa, watu wote wa Doire Locha waliliona gari la Cóilín likielekea kwa Saile, na walijua linaenda kuchukua nini. Walizungumza habari za mvua. Padri naye alizungumza habari za mvua.

Nainsín alitoka na sanduku moja na picha ya Moyo Mtakatifu kwapani. Alimbusu Muirne kwenye paji la uso bila kusogeza midomo zaidi ya hapo. Alitii sharti mpaka mwisho. Saile alimshika kiwiko kumsaidia kuingia garini, akahisi mfupa ulivyo mwepesi, akataka kusema, lakini mtoto alikuwa mlangoni anaangalia, na midomo ya Saile ikabaki imefungwa. Gari likapiga kona.

Muirne hakulia. Aliingia ndani, akaenda kwenye kiti cha bibi, akaweka kiganja kwenye mgongo wake wa mbao, juu, pale koo lingekuwa. Alingoja. Akasogeza kiganja kidogo, kama anayetafuta mahali sahihi. Akangoja tena. Saile alisimama na kitambaa cha vyombo mkononi, na alitamani mtoto apige kelele, avunje sahani, afanye chochote isipokuwa hicho.

Kisha Muirne alimjia. Alimvuta sketi mpaka akapiga magoti, akamwekea kiganja kooni.

"*Good girl*," alisema Saile kwa Kiingereza, mdomo mpana, kama alivyofundishwa.

Mtoto akatikisa kichwa. Akabonyeza zaidi. Macho yake hayakutoka kwenye midomo ya mama yake, na ndani ya macho yale hapakuwa na lawama yoyote, na ndiyo maana Saile hakuweza kuyakwepa. Angelaumiwa angejitetea. Alikuwa na utetezi wa miezi mizima. Mtoto hakutaka utetezi; alitaka neno, na alikuwa tayari kungoja kama alivyongoja pale kwenye kiti.

Saile alimeza, na alijua Muirne amekihisi kile alichomeza.

"*Mamó*," alisema.

Uso wa mtoto ulifunguka. "*Mamó*!" alijibu, kwa sauti ile nene, na kukimbilia mlangoni, akaonyesha barabara kwa mkono wote, akageuka kumtazama mama yake kana kwamba anauliza: sasa unangoja nini?

Saile alikuwa amekwisha kuvua aproni.

"Beairtle! Washa trekta!"

Beairtle alitokea nyuma ya nyumba. "Twende wapi?"

"Kumleta mama. Kabla hawajavuka daraja."

"Na daktari?"

"Nitakwenda mwenyewe na mtoto. Nitaweka kiganja chake kooni mwangu mbele ya yule mtu, nitasema, naye atamsikia mtoto akisema. Akitunyima nafasi, nitakaa mlangoni pake mpaka wamwite polisi, na polisi nao nitawasemesha Kiayalandi."

"Nitakuja," alisema Beairtle.

"Kuangalia viatu?"

"Usinikumbushe, mwanamke. Panda."

Trekta ilikohoa, ikatoka na moshi, mtoto katikati yao, na kwenye kila nyumba mapazia yalisogea. Walitazama. Safari hii walishindwa kutazama kando, kwa sababu Saile alikuwa amesimama kwenye trekta katika mvua ya Jumapili akimwita mama yake kwa sauti, kwa lugha ile, barabara nzima. Kama alilikuta gari kabla ya daraja, na daktari aliandika nini mwezi wa nane, wameniuliza wengi. Wanaouliza hivyo wanataka kuambiwa kwamba mambo yaliisha, wakalale.

Hayajaisha. Leo hii, katika lugha yako wewe, kuna mzazi anatoka kwa mtaalamu akiwa ameambiwa aache kumsemesha mtoto wake kwa ulimi wa nyumbani. Leo hii kwenu, katika chumba cha pili kutoka hapo ulipokaa, kuna mzee anayesema Kipare, Kidigo, Kikuria, Kimwani, na wajukuu wanamjibu kwa mabega. Unamjua. Unajua na saa anayonyamaza.

Weka maandishi haya chini. Inuka. Vuta kiti ukakae mbele yake, karibu, uso kwa uso, na umwite yule mtoto aje aone. Sema. Na kama maneno yamekupotea, mshike mzee mkono umwombe akupe moja. Nenda sasa, chai yako ikiwa bado ya moto.